Kazi za kumpa mtoto msimu wa viota

Mtoto akiona kiota, mkono hutangulia akili. Nasi watu wazima tunamfuata mbio na makatazo: usiguse, usipande, usipige kelele, ondoka hapo. Nimelea watoto wangu na kushinda na wa majirani, na ninavyoona makatazo matupu humfundisha mtoto kungoja mzazi ageuke, basi. Akipewa kazi, habari inakuwa nyingine. Kwa hiyo kila katazo nililo nalo nimelitafutia kazi ya kwenda nayo.

Kwenye nchi zenye majira manne, ndege wengi hujenga, hutaga na kulea katika machipuko na kuendelea hadi kiangazi, kwa sababu ndipo wadudu wanapojaa. Karibu na ikweta wengi hufuata mvua kuliko kalenda, lakini ushauri ni uleule. Ndege wadogo wengi huatamia kama wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine hivi. Mwambie mtoto hesabu hiyo. Kungoja mwezi mmoja kunawezekana. Kungoja "mpaka nitakapokwambia" hakuna mtoto anayekuweza.

Tuanze na kinda aliyeokotwa chini, maana hapa mtoto mwenye huruma anaweza kuleta madhara kuliko mtundu. Kinda aliyekwisha kuota manyoya, mkia bado mfupi, anayerukaruka kwenye majani, kwa kawaida hajapotea wala hajatupwa. Makinda wa ndege wengi hutoka kiotani kabla hawajajua kuruka sawasawa, na wazazi huendelea kuwalishia hukohuko chini kwa siku kadhaa. Ukimtia kwenye boksi na kumpeleka nyumbani, umewanyang'anya wazazi mtoto wao. Kazi ya mtoto wako hapa ni ulinzi: arudi nyuma mbali, atulie, aangalie kama mzazi anakuja na chakula mdomoni, na awazuie wenzake na mbwa wasisogee. Kazi hii watoto wangu waliipenda kuliko zote, labda kwa sababu ina cheo. Kama kinda yuko barabarani au paka anamnyemelea, mtu mzima amsogeze hatua chache tu hadi kwenye kichaka kilicho karibu, ambako wazazi wake bado watamsikia.

Kinda aliye uchi, au mwenye manyoya ya kuhesabika, huyo ni habari nyingine. Anatakiwa kiotani, na kiota kikifikika bila hatari, mtu mzima amrudishe. Usiogope ile hadithi kwamba mama akinusa harufu ya mtu atamkataa mwanawe. Si kweli, ndege hamwachi kinda wake kwa sababu ameshikwa na binadamu. Mimi huhisi wazee waliitunga ili mikono ya watoto ikae mbali na viota, na kwa hilo siwalaumu. Aliyejeruhiwa, hasa aliyeng'atwa na paka hata kama jeraha halionekani, apelekwe kwa daktari wa wanyama au kwa watu wanaotunza ndege wa porini. Asimiminiwe maji mdomoni. Maziwa asipewe kabisa, ndege hawezi kuyameng'enya. Ndege aliyekufa mtoto asimshike, amwite mkubwa.

Sasa paka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba nchini Marekani pekee paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Huyo wa kwenu mnaweza kumdhibiti. Mpe mtoto zamu ya kumfungia ndani, hasa alfajiri na jioni, na katika wiki ambazo makinda wanatoka viotani afungiwe mchana kutwa. Paka asiyekubali kukaa ndani avishwe shingoni ukosi wa kitambaa cha rangi kali. Ndege huona rangi vizuri sana, humwona mapema. Kengele peke yake mimi siitegemei. Kinda asiyejua kuruka atakimbilia wapi hata akiisikia?

Madirisha nayo huua wengi, kwa kuwa ndege huona kwenye kioo anga na miti, akaenda moja kwa moja. Kazi hii ni tamu kwa mtoto anayependa kuchora. Apake madoa au michirizi ya rangi upande wa nje wa kioo, nafasi kati ya doa na doa isizidi sentimita 5. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati haisaidii kitu, ndege hupita pembeni yake akagonga palepale.

Kuhusu chakula nina neno moja kwa wenye kumwaga mabaki ya mkate: acheni. Mkate hujaza tumbo bila kulisha, na kinda anayekua anahitaji wadudu. Hata ndege ambao wakiwa wakubwa hula mbegu, wengi wao huwalisha makinda viwavi, tena kwa mamia ndani ya siku moja. Kwa hiyo zawadi kubwa ni bustani isiyopulizwa dawa, yenye kona ambayo majani yameachwa yakue. Mtoto aisimamie kona hiyo kama mali yake, ahesabu viwavi akitaka. Aongeze sahani pana ya maji yasiyo na kina, na jiwe katikati la kutulia. Maji yabadilishwe kila siku na sahani isuguliwe, la sivyo inakuwa ya kuenezea magonjwa. Palipo na mbayuwayu, wale wanaosafiri kutoka Afrika kwenda kutaga Ulaya, kukiwa na ukame aloweshe udongo pembeni upate kuwa tope. Nyumba yao hasa ni vidonge vya tope vilivyobebwa kwa mdomo.

Watoto hupenda pia kuweka vifaa vya kujengea. Nyasi kavu na kuvumwani, vile vimea laini vinavyoota kwenye magome na mawe, ni sawa. Uzi mrefu hapana, humnasa kinda miguu. Nywele za mbwa aliyepakwa dawa ya viroboto nazo hapana, kwa sababu sumu huingia nazo kiotani.

Anayetaka kuona yanayoendelea kiotani apewe darubini na daftari, akae mbali. Aandike tarehe, nani ameleta nini, saa ngapi. Makinda wakishaota manyoya asikaribie kabisa, maana wakishtuka huruka nje kabla ya wakati. Na mtoto huyohuyo mfanye mkaguzi wako: kabla hujapogoa ua au kukata tawi, yeye ndiye aseme kama mna kiota. Katika nchi nyingi kuharibu kiota chenye mayai au makinda ni kosa. Uingereza inalikataza kwa sheria ya mwaka 1981.

Kuna siku mtaamka mkute kiota kitupu. Kunguru amepita, au nyoka. Mtoto atalia, na kuna atakayeokota jiwe. Usimfiche, wala usimruhusu arushe: mwambie kunguru naye ana makinda wanaongoja kula, na kwamba viota vingi huishia hivyo. Kisha mpe daftari lake. Ndege wadogo wengi wakipoteza mayai mapema msimu hujenga upya na kutaga tena, mara nyingi si mbali na pale, na mtu wa kwanza kuligundua hilo atakuwa yule aliyezoea kuangalia.