Printa inakula karatasi: niuze?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari Mikindani, dirisha linatazama bahari. Printa yangu ya leza haijafika hata mwaka. Kila asubuhi inavuta karatasi mbili mbili, inakwama, na zinazotoka zimejikunja. Maandishi nayo ukiyapitishia kidole yanafutika. Na si kwamba siitunzi: jioni nikizima tu, naifunika nailoni vumbi lisiingie. Niiuze?
Mama Steshenari, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiuze. Kesho fungua rimu mpya, weka karatasi kumi, chapa papo hapo. Zikitoka zimenyooka, mashine yako ni nzima, iliyoharibika ni karatasi.

Karatasi hunywa unyevu. Lile ganda la rimu lina utando wa kuuzuia, lakini tukishalichana tunalitupa. Karatasi ikilala wazi kwenye trei usiku mmoja wa kifuku, asubuhi imelegea kama biskuti iliyosahauliwa nje ya pakiti. Zinashikana, ndiyo maana zinavutwa mbili mbili. Halafu ndani ya printa kuna roli ya moto, joto lake hukaribia nyuzi 200, kazi yake kuyeyusha tona, ule wino wa unga, ishike. Karatasi mbichi ikipita pale, ule moto unaishia kukausha maji. Karatasi inajikunja, tona haishiki.

Basi ukifunga duka, toa karatasi zote kwenye trei, ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja na viatu vipya. Mchele usiweke, hata wakikushauri: hauvuti unyevu wa maana, na vumbi lake litaingia kwenye roli. Asubuhi toa za kazi iliyopo tu.

Sasa hiyo nailoni. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu unaifanya kwa mapenzi. Ukiifunika mashine ikiwa bado ya moto, unafungia joto na unyevu humo humo, usiku ikipoa majimaji yanatulia kwenye vyuma. Kifuku kilichopita nilifungua printa ya mteja wa Shangani iliyokuwa ikilala hivyo hivyo. Springi zilikuwa nyekundu kwa kutu, na kwenye bodi ya umeme shaba imeota ukungu wa kijani, nikigusa kwa brashi unadondoka kama unga. Chanzo ni chumvi ya bahari. Upepo unaileta dirishani, inatua ndani, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 inayeyuka yenyewe, kama ya jikoni inavyotota kwenye kopo. Maji hayo ya chumvi yanakula shaba taratibu.

Kwa hiyo iache ipoe nusu saa, kisha ifunike kipande cha kanga kuukuu. Ihamishe ukuta wa pili, mbali na dirisha.

Na kama hata rimu mpya inavutwa mbili mbili, roli ya kuvutia karatasi ndiyo iliyochafuka au kuchakaa. Mwite fundi aisafishe kwanza. Ikishindikana, inabadilishwa hiyo roli peke yake.