Panki ya mtu mmoja chumbani: kwa nini rekodi yako inasikika kama mazoezi

Mkuu, kwa faida ya wanaoingia sasa hivi, swali lako kwa kifupi ni hili: una gitaa, besi ya kuazima, laptopu, kadi ya sauti yenye matundu mawili na maiki moja. Huna bendi. Kila ukirekodi nyimbo zako za panki (muziki, siyo nywele) zinatoka safi lakini zimepoa, kama mtu anayejifunzia chumbani. Na mwisho ukauliza ununue maiki gani ya pili.

Nimekaa kwenye shimo hilohilo karibu miaka miwili, kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu. Maiki tutaifikia, haina haraka.

Shida yako ni kwamba hakuna wa kukusukuma. Watu wanne wakipiga pamoja, mpiga dramu akipandwa na mori kwenye kiitikio, mwenye gitaa anamfuata bila kujijua, besi inakimbilia nyuma yao, mwimbaji anapaza zaidi ili asimezwe. Kila mmoja anamkimbiza mwenzake. Wewe ukiwa peke yako unamfuata nani? Metronomu, ile tiki-tiki ya kuhesabu mapigo. Na metronomu haipandwi na mori.

Rekodi yangu ya kwanza ilikuwa nyimbo tano, zote nimezijenga hivyo: metronomu 185 (mapigo kwa dakika), dramu za kompyuta juu yake, kisha magitaa, kisha besi, kisha sauti wiki mbili baadaye nikiwa nimeshachoka na wimbo wenyewe. Rafiki yangu mmoja akasikiliza, akaniambia, "Kiitikio kinaanguka." Nikabisha. Kinaangukaje na spidi ni ileile? Nilichelewa sana kuelewa kwamba hilo ndilo alilokuwa akilisema. Sikio linasubiri kiitikio kipande. Kisipopanda, linasikia kimeshuka.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujafungua programu yoyote. Simama, usikae. Vaa gitaa, weka simu mezani ikirekodi, upige na kuimba wimbo wote mwanzo mwisho bila metronomu, kwa nguvu zilezile ambazo ungepiga mbele ya watu. Mara tatu. Kisha sikiliza upime spidi ya kila sehemu. Programu nyingi za kurekodia zina sehemu ya kugonga kwa kidole kufuata mapigo ikakupa namba. Mimi nilikuta ubeti naupiga 184 na kiitikio 191, mara zote tatu, tofauti haizidi pigo moja au mawili. Mwili ulikuwa na mpango wake tangu mwanzo. Ni mimi niliyekuwa nikiufuta kwa kubandika 185 wimbo mzima.

Ukishapata namba zako, chora ramani ya spidi ndani ya programu. Yangu ilikuwa hivi: ubeti 184, baa mbili za mwisho kabla ya kiitikio zinapanda kidogokidogo, kiitikio 190, na ubeti wa pili sikuurudisha 184, niliuacha 186, kwa sababu mtu aliyekwisha kupiga kelele harudi kwenye utulivu wake wa mwanzo. Usizidishe. Mapigo matatu hadi sita yanatosha. Ukiruka kumi msikilizaji atadhani umekosea. Kisha rekodi gitaa na sauti za mwongozo kwa pamoja, teki moja (yaani mara moja mwanzo mwisho bila kukata), umesimama, kwa kelele. Hizo ndizo ambazo dramu zitazifuata, siyo ile tiki-tiki. Mwongozo huo baadaye utaufuta. Mimi kuna wimbo mmoja nilishindwa kuufuta, sauti ya mwongozo ndiyo iliyobaki hadi mwisho, pamoja na kikohozi.

Najua wapo wanaoanza na dramu. Mwishoni mwa 1994 Dave Grohl, aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ya Nirvana, alirekodi albamu ya kwanza ya Foo Fighters kwa takriban wiki moja, karibu kila ala kapiga yeye, na dramu zilitangulia huku wimbo wote ukiwa kichwani mwake. Lakini yule alikuwa mpiga dramu kwa kazi. Sisi tunahitaji mkongojo.

Sasa dramu, maana hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Kama huna seti na unaziandika kwenye kompyuta, kumbuka kwamba unamwandikia mtu mwenye mikono miwili. Nilisikiliza tena zile nyimbo zangu tano nikagundua mpiga dramu wangu alikuwa pweza: anapiga roli (ule mfululizo wa mapigo ya haraka) kwa mikono yote miwili huku hai-hati (matoazi mawili madogo yanayofungwa kwa mguu) ikiendelea kama hakuna kilichotokea. Akipiga toazi kubwa, hai-hati inyamaze. Akiingia kwenye roli, kila kitu cha mkono kinyamaze, kiki (dramu kubwa ya mguu) peke yake ibaki. Na usiache mapigo yote ya hai-hati yawe na nguvu sawa, yatasikika kama taipureta. Pigo la kwanza zito, la pili jepesi, na kadiri spidi inavyopanda lile jepesi lizidi kuwa jepesi, kwa sababu mkono unachoka. Usiyasogeze mapigo ovyo eti ili yawe ya kibinadamu. Binadamu hakosei ovyo, anakosea kwa mwelekeo: kwenye roli anawahi, baada ya roli anafika mapema kwenye pigo la kwanza. Nikaziwahisha roli zangu kwa milisekunde chache tu, na wimbo ukaanza kupumua.

Kitu kigumu kuliko vyote kughushi ni matoazi. Ukiweza kuazima toazi moja na sneya (ile dramu ndogo yenye mlio mkali) kwa siku moja, ziazime, kiki iache ya kompyuta. Sneya na toazi vikiwa vya kweli sikio linasamehe mengine. Na maiki moja inatosha: iweke juu ya bega la kulia la mpigaji, iangalie sneya, rekodi sekunde thelathini, sikiliza. Toazi likizidi, sogeza maiki, usikimbilie ikwalaiza. Robo saa ya kusogeza maiki inashinda jioni nzima ya kugeuza vitufe. Tena toazi ulipige kwa adabu kuliko unavyofikiri. Chumba kidogo chenye dari fupi kinarudisha mlio wake wote kwenye maiki, na sneya inabaki kusikika kama imefunikwa. Sneya ipige kwa hasira zako zote. Hiyo mizani kati ya mkono na mkono haipatikani tena baadaye kwenye kumiksi.

Magitaa. Kosa langu lilikuwa kuweka nane, yote distoshoni (ule mchafuko wa sauti ya gitaa) imejaa pomoni, nikitarajia ukuta. Nikapata uji. Distoshoni inakata vilele vya sauti, na vilele ndivyo vinavyomwambia msikilizaji kwamba mkono umegonga nyuzi. Ukipanga matabaka manane yasiyo na vilele, hakuna anayesikia mkono ukigonga. Sasa napiga mawili tu, geini (kiasi cha distoshoni) nusu ya ile ninayofanyia mazoezi, moja kushoto kabisa na jingine kulia kabisa. Yote mawili uyapige kweli. Ukinakili teki moja na kuiweka pande zote mbili, hupati upana wowote, unapata kelele ileile katikati. Na ukiisogeza nakala kwa milisekunde kadhaa ili kudanganya, siku ikichezwa kwenye spika moja ya simu gitaa litasikika jembamba, limetobokatoboka. Kwa teki ya pili badilisha kitu: pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi), au gitaa lenyewe kama unaweza kuazima.

Jambo dogo lililoniumiza sana ni tyuni. Ukipiga nyuzi kwa nguvu, sauti inaanza juu kidogo ya pale inapokuja kutulia. Kwenye panki nyuzi hazipati muda wa kutulia, unazigonga tena. Kwa hiyo unapotyuni, zigonge kwa nguvu ileile utakayorekodia, usome sindano mwanzoni mwa mlio. Na utyuni kabla ya kila teki, kila teki, hata kama umechoka kuusikia huo mlio. Kwa spidi ya 190, mkono unaopiga kwenda chini tu unagonga mara 380 kwa dakika. Wimbo wa dakika moja na nusu ni mapigo 570. Hakuna uzi unaobaki mahali pake baada ya hapo.

Ukiona magitaa mawili bado ni mengi, kumbuka albamu ya kwanza ya bendi ya panki ya Ramones, ya 1976: besi imekaa upande mmoja, gitaa upande wa pili, dramu na sauti katikati, basi. Nyimbo 14 kwa takriban dakika 29. Zima upande mmoja wa hedifoni usikilize gitaa peke yake. Ni somo la bure la mkono wa kulia.

Besi piga kwa piki (kile kijipande cha kugongea nyuzi), iingize moja kwa moja kwenye kadi, kisha uinakili. Hapa kunakili ni halali. Nakala moja iache safi ibebe ule uzito wa chini, nyingine ichafue kwa distoshoni na uikate chini ibaki mikwaruzo. Kinachodhaniwa na wengi kuwa ni gitaa nene, mara nyingi ni besi chafu iliyojificha nyuma ya gitaa la kawaida.

Ulilalamika pia kwamba unajisikia umechelewa kwenye hedifoni. Punguza bafa ya kadi yako (kiasi cha sauti inachokusanya kabla ya kuipeleka mbele). Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 128 inachelewesha karibu milisekunde 3, wakati 1,024 ni zaidi ya 23, na hapo bado hujahesabu safari ya kurudi. Sauti hewani hutembea mita moja kwa karibu milisekunde 3, kwa hiyo 128 ni kama kusimama hatua moja kutoka kwenye spika. Rekodi na bafa ndogo, miksi na kubwa. Mengine hapo usijisumbue.

Sauti ya kuimba: irekodi mapema, siku ileile ya mwongozo kama koo linaruhusu, usiache iwe kazi ya mwisho kama nilivyofanya mimi. Kama majirani ni tatizo, ingia kwenye gari lililoegeshwa, funga vioo, zima injini. Viti na kapeti vinakula mwangwi kuliko vyumba vingi vya kulala. Niliwahi kugongewa kioo na mpita njia akiuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Teki ile ni nzuri sana hadi alipogonga.

Kwa kiitikio cha kundi, imba mara sita hadi nane, kila mara umesimama mahali tofauti na umejifanya mtu tofauti: mnene, mwenye mafua, mlevi, mwalimu mkali. Mmoja awe anawahi kidogo. Usiwapange wote kwenye mstari. Na kama unaandika kwa Kiswahili una neema ambayo wengi hawaitumii: mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Panga maneno ili silabi hiyo iangukie kwenye sneya, na silabi ya mwisho imwagike baada yake. Kiitikio kitajipiga chenyewe. Nilipoanza kuimba nilikuwa nikiweka silabi ya mwisho kwenye sneya kwa kuiga nyimbo za nje, na nilisikika kama mtu aliyekanyagwa mguu.

Sheria moja ya mwisho ndiyo iliyonisaidia kuliko vifaa vyote: teki tatu kwa kila ala, unachagua moja, mbili unafuta siku hiyohiyo. Ukijua una teki mia, hakuna hata moja utakayoipiga kama mtu mwenye haraka. Bendi ya panki ya Buzzcocks kwenye rekodi yao ya kwanza, iliyotoka Januari 1977 kwa gharama zao wenyewe, waliandika kabisa kwenye jalada kila wimbo ulikuwa teki ya ngapi na kama kuna gitaa lililoongezwa juu yake. Nami nilianza kuandika namba za teki kwenye karatasi ukutani. Inatia aibu kuandika "teki ya 41".

Kumiksi sitasema mengi. Miksi kwa sauti ya chini kiasi cha kuweza kuongea na mtu, sikiliza kwenye spika moja, hakikisha sauti ya kuimba na sneya vinasikika hata ukiwa chumba cha pili. Usijiue kutafuta ukubwa wa sauti. Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida inasawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), ukiipita sana itakushusha tu, na vilele ulivyovikata havirudi.

Haya, maiki. Kwa sasa usinunue. Hiyo uliyonayo, kama ni ya kushika mkononi ya aina ya kawaida, itafanya sneya, ampu na sauti bila kulalamika. Pesa hiyo weka kwenye nyuzi mpya na piki nene. Chukua wimbo wako mmoja, urekodi na simu umesimama, mara tatu, upime ubeti na kiitikio. Ziweke namba hapa tuone chako kinapanda au kinashuka.