Nianze na mtihani au nianze na kazi? Maswali ya wasomaji kuhusu njia ya kuwa solisita

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: mtu anafikaje kwenye usolisita nchini England na Wales. Solisita ndiye wakili anayempokea mteja ofisini, anayesimamia ununuzi wa nyumba, mirathi, talaka na mikataba ya biashara, na mara nyingine anayesimama mwenyewe mbele ya hakimu. Scotland na Ireland Kaskazini zina taratibu zao, kwa hiyo majibu haya hayahusu huko. Vifupisho viwili vitajirudia: SQE ni mtihani wa sasa wa kuwa solisita, wenye sehemu mbili, SQE1 na SQE2; LPC ni kozi ya njia ya zamani.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya sheria. Binamu yangu alisoma LPC, akapata mkataba wa mafunzo, leo ni solisita. Wenzangu darasani wanazungumzia SQE tu. Nifuate njia ipi?
*Msomaji, Leicester*

Wewe ni wa SQE. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, SRA, ambayo ndiyo mamlaka inayosimamia masolisita, inadai mambo manne: shahada ya fani yoyote au sifa inayolingana nayo, kufaulu SQE1 na SQE2, miaka miwili ya uzoefu wa kazi unaotambulika, na kupita ukaguzi wa tabia. LPC imebaki kwa wale waliokwishaanza safari kabla ya hapo, nao wana mpaka mwisho wa 2032 kumaliza. Wewe hayakuhusu, na mtu asikushawishi vinginevyo.

Ila usimzike binamu yako na yote aliyopitia. LPC ni kozi. Mkataba wa mafunzo ni ajira, na ajira hiyo ipo bado. Ofisi kubwa huajiri kwa mkataba wa miaka miwili, hulipia kozi ya maandalizi na ada ya mtihani, na nyingi huongeza fedha za kujikimu wakati unasoma. Huchagua watu wao karibu miaka miwili kabla ya siku ya kuanza kazi, na wengi wao huwatoa kwenye programu za likizo, yaani wiki chache za kufanya kazi ofisini huku ukipimwa. Kwa mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili ndio wa kuomba nafasi hizo. Maombi mengi hufunguliwa msimu wa vuli na kufungwa kati ya Desemba na Januari, kwa hiyo anayengoja matokeo ya mwaka ndipo aombe amekwishachelewa.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya fedha. Ada ya mtihani peke yake, bila kozi, ilikuwa pauni 3,980 mwaka 2021. Msimu wa 2024/25 ilifika 4,790: pauni 1,888 za SQE1 na 2,902 za SQE2. Kozi ya maandalizi iko juu ya hapo. Mkopo wa serikali haulipii kozi ya SQE iliyosimama peke yake. Unapatikana, kwa anayestahili, kozi hiyo ikiwa ndani ya shahada ya uzamili. Ndiyo maana watu hujikuta wakisoma uzamili wasiouhitaji ili tu waufikie mkopo, kisha wanamaliza wakiwa na deni, mtihani mkononi, na hawana pa kufanyia ile miaka miwili. Ushauri wetu hauna kona: tafuta nafasi kwanza. Ukiikosa misimu miwili, ingia kazini kama msaidizi wa kisheria, kisha lipia mtihani kidogo kidogo ukiwa unalipwa.

Shahada yangu ni ya biolojia. SRA inasema sihitaji diploma ya sheria, lakini chuo kimoja kimeniambia bila hiyo sitafika mbali. Nani mkweli?
*Msomaji, Manchester*

SRA haikudai diploma, hilo ni kweli. Lakini ofisi nyingi kubwa bado zinamtaka aliyesoma fani nyingine apite mwaka wa diploma ya sheria kabla ya kozi ya SQE, na nyingi ndizo hulipia. Kwa hiyo soma masharti ya ofisi unayoilenga kabla hujatoa hata pauni moja. Zaidi ya hapo, kuna mtihani wenyewe.

SQE1 ina karatasi mbili, FLK1 na FLK2, kila moja maswali 180 ya kuchagua, na kila swali lina majibu matano. Hakuna kitabu cha kufungua. FLK1 inabeba sheria ya biashara, usuluhishi wa migogoro na mashauri ya madai, mikataba, sheria ya madhara, mfumo wa sheria, sheria ya katiba na utawala, na kanuni za huduma za kisheria. FLK2 inabeba ununuzi wa mali isiyohamishika, wosia na mirathi, hesabu za fedha za wateja, sheria ya ardhi, amana (mali anayoishika mtu kwa niaba ya mwingine) na jinai. Maadili ya kazi yamechanganywa humo mote. Siku ya mtihani ina vipindi viwili vya maswali 90, kila kipindi saa 2 na dakika 33. Gawanya mwenyewe: dakika moja na sekunde 42 kwa swali.

Tazama swali la aina hii. Ofisi yenye akaunti ya wateja inapokea pauni 1,500 kutoka kwa mteja kwa mkupuo mmoja. Pauni 900 ni za ankara aliyokwishapelekewa. 600 ni za kazi itakayofanywa baadaye. Fedha ziwekwe wapi? Jibu moja linasema zote ziende akaunti ya ofisi kwa kuwa zote ni ujira wa wakili. Jingine linasema zote zikae akaunti ya wateja mpaka kazi iishe. Yote mawili yanasikika vizuri. Jibu sahihi linazigawa bila kuchelewa: 900 akaunti ya ofisi, 600 akaunti ya wateja, kwa sababu ujira ambao ankara yake haijatoka bado ni fedha ya mteja. Aliyekariri tu kwamba “fedha ya mteja itengwe” hunaswa hapo; aliyeelewa kwamba ankara ndiyo inayogeuza fedha hupita kwa sekunde 40 na kuzibakiza nyingine kwa swali la amana.

Mtu anayeanza kutoka sifuri hajifunzi hayo yote kwa wiki kumi. Awamu ya kwanza ya SQE1, Novemba 2021, walifaulu asilimia 53. Julai 2024 walifaulu asilimia 44. Hao ni pamoja na waliosoma sheria miaka mitatu. Kwa mtu wa biolojia, diploma si lazima kisheria, lakini muda wa diploma ni lazima, uupate darasani au mezani kwako. Ukijisomea mwenyewe, jipe mwaka mzima, na fanya maswali ya kuchagua tangu mwezi wa kwanza, usiyawekee mwishoni kama kitindamlo.

Ni msaidizi wa kisheria, siku tatu kwa wiki, ofisi ndogo ya mambo ya nyumba. Nilijitolea pia kliniki ya sheria chuoni. Vyote vinahesabika? Na nani anatia sahihi?
*Dada wa Birmingham*

Vinahesabika, dada, na hapa ndipo njia mpya ilipo na faida kubwa kuliko ile ya zamani. Lakini hapa pia ndipo watu wanapoteza miaka, kwa hiyo tuende polepole.

Unatakiwa kukusanya miaka miwili ya kazi ya muda wote, au kiasi kinacholingana nayo, katika mashirika yasiyozidi manne. Kazi iwe ya kutoa huduma za kisheria na ikupe nafasi ya kukuza angalau stadi mbili kati ya zile SRA inazozitaja kwa solisita. Ya kulipwa na ya kujitolea zote zinakubalika. Ya miaka iliyopita pia, ilimradi inaweza kuthibitishwa.

Kwa siku tatu kati ya tano, miaka miwili inakuwa miaka mitatu na miezi minne. Piga hesabu hiyo mapema, usishangae mwishoni.

Sasa kliniki. Ukienda siku moja kwa wiki kwa wiki 26, umepata siku 26, kama wiki tano za kazi. Ni halali, lakini imekula nafasi moja kati ya nne. Mtu anayetangatanga kwenye ajira fupi fupi anaweza kujaza nafasi nne akiwa na miezi kumi na sita tu mkononi, na hawezi kuongeza shirika la tano. Kama una matumaini ya kuhama ofisi mara mbili tatu, iache kliniki ikae kwenye wasifu wako na usiiweke kwenye hesabu.

Anayethibitisha ni solisita wa England na Wales, au ofisa wa uzingatiaji wa kanuni wa ofisi hiyo. Meneja wako mzuri asiye solisita hawezi. Kama ndani ya shirika hakuna mwenye sifa hiyo, solisita wa nje anaruhusiwa, ila awe ameiona kazi yako mwenyewe na kupata maoni ya anayekusimamia. Anathibitisha muda, kwamba ulipata nafasi ya kukuza stadi hizo, na kama kuna jambo la tabia lililojitokeza. Hathibitishi kwamba wewe ni hodari. Kupima uhodari ni kazi ya mtihani. Mwambie hivyo bosi anayesita, maana wengi wanakataa kwa kudhani wanabeba dhamana ya uwezo wako.

Kosa linaloumiza zaidi ni kungoja. Msimamizi anahama, ofisi inafungwa, na miezi kumi na minane haina shahidi. Omba uthibitisho kila unapoondoka mahali, hata kama bado miaka kabla ya kujiandikisha. Na weka daftari la kazi kila wiki. Usiandike “nilisaidia faili za nyumba.” Andika hivi: “Machi 12. Niliandaa barua ya kudai malimbikizo ya kodi ya pango. Msimamizi aliirudisha kwa sababu sikuambatanisha mchanganuo wa mwezi kwa mwezi. Nikaongeza jedwali, ikatumwa alasiri. Stadi: kuandaa nyaraka.” Mistari minne. Solisita akiisoma anajua ulifanya nini na ulijifunza nini. Jina la mteja usiliweke. Namba ya faili inatosha, maana siri ya mteja haiishii mlangoni mwa ofisi.

Nilifaulu FLK1 nikaanguka FLK2. Narudia zote?
*Msomaji, London*

Unarudia FLK2 tu. Una majaribio matatu kwa jumla ndani ya miaka sita tangu ulipokaa mara ya kwanza, na SQE1 hufanyika Januari na Julai. Usikimbilie awamu inayofuata kwa hasira. SQE2 haikupokei mpaka karatasi zote mbili zipite, na jaribio la pili lililopotea hukuacha na moja. Kama una ofa ya kazi, soma mkataba leo: baadhi ya ofisi hufuta ofa mtu akianguka mara ya kwanza, nyingine humpa nafasi moja zaidi, na ukienda kuzungumza nao mapema unasikilizwa kuliko ukisubiri waulize wao.

Mwanangu ana miaka 18, amemaliza A-level na hataki deni la chuo. Nasikia kuna uanagenzi.
*Mama wa watatu, Leeds*

Upo, mama, na ni njia kamili kama nyingine. Mwanao anaajiriwa na ofisi ya sheria, analipwa mshahara, anasoma kwa takriban siku moja ya juma la kazi, na ndani ya miaka mitano au sita anakaa SQE ileile. Hakuna ada anayolipa yeye. Miaka miwili ya uzoefu inakuwa imeshajaa humohumo kazini, na programu nyingi zinampa na shahada ya sheria.

Tangu Januari 2026 serikali inagharimia uanagenzi wa kiwango hiki nchini England kwa wanaoanza wakiwa na miaka 16 hadi 21, isipokuwa makundi machache. Mwanao yumo, ila asiache miaka ipite akijaribu hiki na kile. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Cha kupima ni uvumilivu wake: kufanya kazi siku nne na kusoma ya tano kwa miaka sita, huku wenzake wakiwa likizo ya chuo, kunamtaka kijana anayejipangia mambo bila kusukumwa.

Mimi ni wakili Nairobi, mwaka wa saba. Nianze upya?
*Msomaji, Nairobi*

Huanzi upya. Wakili aliyekwishasajiliwa nchi nyingine hatakiwi kuonyesha ile miaka miwili. SQE1 utakaa, na unaweza kuifanyia kwenye kituo cha mtihani nje ya Uingereza. Kwa SQE2, mwenye angalau miaka miwili ya kazi ya uwakili anaweza kuomba msamaha; ukiupata utatakiwa kuthibitisha ufasaha wako wa Kiingereza. Usipoupata, sehemu ya mahojiano na utetezi wa mdomo hufanyika England au Wales tu, basi weka nauli na malazi kwenye bajeti. Omba msamaha kabla hujalipia kozi ya SQE2.

Jambo moja zaidi: kuandikishwa kuwa solisita hakukupi ruhusa ya kuishi na kufanya kazi Uingereza. Viza ni shauri lingine, na kwa kawaida linamtaka mwajiri mwenye leseni ya kudhamini. Muulize mwajiri swali hilo kwenye barua pepe ya kwanza.