Kukata kipande cha eneo lenye jina kwenye Excel: maswali ya wasomaji

Maswali ya safari hii yanatoka kwa watu wanaotunza orodha za bei zinazoongezeka kila wiki, kwa hiyo tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Karatasi inaitwa Orodha. Mstari wa 1 una vichwa: A ni Tawi, B ni Msimbo, C ni Jina, D ni Kipimo, E ni Bei. Bonyeza Ctrl+F3, tengeneza jina Bidhaa, na kwenye kisanduku cha chini (Refers to) andika:

=Orodha!$A$2:INDEX(Orodha!$E:$E,COUNTA(Orodha!$A:$A))

COUNTA inahesabu seli zenye kitu kwenye safu ya A, kichwa kikiwemo, na idadi hiyo ndiyo namba ya mstari wa mwisho. Ukiongeza bidhaa chini, eneo linajirefusha lenyewe. Usishangae jina hili lisipoonekana kwenye orodha ya majina iliyo kushoto mwa mstari wa fomula. Kulikagua, rudi Ctrl+F3, bofya ndani ya kisanduku kile cha chini, na vidoti vinavyotembea vitazunguka eneo lenyewe.

Swali: Nina msimbo kwenye H2. Naandika =VLOOKUP(H2,Bidhaa,5,FALSE) napata #N/A, na msimbo naouona kwa macho upo. Tatizo nini?

VLOOKUP hutafuta kwenye safu ya kwanza ya eneo ulilolipa, na safu ya kwanza ya Bidhaa ni Tawi. Msimbo wako uko safu ya pili, haiufikii. Huna haja ya kuhamisha safu wala kutengeneza jina jipya. INDEX(Bidhaa,0,2) inakupa safu ya pili yote ya Bidhaa, kwa sababu sifuri mahali pa namba ya mstari maana yake ni mistari yote. MATCH inatafuta msimbo humo na kutoa namba ya mstari wake. Kwa hiyo:

=INDEX(Bidhaa,MATCH(H2,INDEX(Bidhaa,0,2),0),5)

Aliyezoea VLOOKUP anaweza kukata kipande kinachoanzia safu ya pili:

=VLOOKUP(H2,INDEX(Bidhaa,0,2):INDEX(Bidhaa,0,5),4,FALSE)

Hapo Bei imekuwa ya 4, si ya 5 tena, maana hesabu inaanza upya kwenye ukingo wa kushoto wa kipande. Na ile sifuri ya mwisho ya MATCH usiiache. Ukiiacha, Excel inachukulia kwamba orodha imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa na kukuletea thamani ya karibu. Unapata bei, tena bila alama yoyote ya kosa, lakini ni ya bidhaa nyingine.

Swali: Tuna matawi manne na kila tawi lina bei yake ya saruji. Msimbo ni uleule. Fomula inaniletea bei ya tawi la kwanza siku zote. Nifanyeje ili itafute ndani ya tawi moja tu?

Hapa ndipo kukata kipande kunapolipa, ilimradi orodha imepangwa kwa Tawi. Tuseme jina la tawi liko G2 na msimbo H2. Kwenye J2 tafuta tawi linapoanzia:

=MATCH(G2,INDEX(Bidhaa,0,1),0)

Kwenye K2 hesabu lina mistari mingapi:

=COUNTIF(INDEX(Bidhaa,0,1),G2)

Kisha bei:

=VLOOKUP(H2,INDEX(Bidhaa,J2,2):INDEX(Bidhaa,J2+K2-1,5),4,FALSE)

Kama Dodoma inaanzia mstari wa 41 wa Bidhaa na ina mistari 38, kipande kinaishia wa 78. Kwenye karatasi yenyewe utaiona kuanzia 42 hadi 79, kwa kuwa kichwa kimechukua mstari wa 1. Mkanganyiko huu wa namba mbili ndio unaowafanya watu wasahau ile -1. Ukiisahau, kipande kinameza mstari mmoja wa tawi linalofuata, tuseme Iringa. Kosa hilo hujificha muda mrefu: linajitokeza pale tu msimbo unapokuwa haupo Dodoma, halafu kwa bahati mbaya ukawa ndio wa kwanza Iringa.

Hatari kubwa zaidi ni mtu kuongeza bidhaa ya Dodoma chini kabisa bila kupanga upya. COUNTIF itaihesabu, kipande kitarefuka, lakini kitarefukia ndani ya Iringa. Weka ulinzi kwenye L2:

=COUNTIF(INDEX(Bidhaa,J2,1):INDEX(Bidhaa,J2+K2-1,1),G2)=K2

Ikijibu FALSE, orodha haijapangwa. Usiamini bei yoyote mpaka uipange.

Kama kupanga haiwezekani na unatumia Excel 2021 au Microsoft 365, acha vipande vya mistari, linganisha safu mbili kwa pamoja:

=XLOOKUP(1,(INDEX(Bidhaa,0,1)=G2)*(INDEX(Bidhaa,0,2)=H2),INDEX(Bidhaa,0,5),"Haipo")

Swali: Bidhaa tatu za mwisho hazipatikani kamwe. Nikiongeza nyingine, zinazokosekana ni tatu za mwisho tena.

Kuna seli tatu tupu kwenye safu ya A. COUNTA haizihesabu, kwa hiyo eneo linakatika mistari mitatu kabla ya mwisho. Jaza hizo seli, au hesabu safu isiyoachwa wazi, yaani Msimbo. Kama kila bidhaa ina bei ya namba, iko njia isiyojali mapengo: badala ya COUNTA weka MATCH(9.99E+307,Orodha!$E:$E), yaani utafute namba kubwa kuliko bei yoyote, ambayo hutoa namba ya mstari wenye namba ya mwisho. Ila ukiwa na Jumla chini ya safu ya Bei, itahesabiwa kama bidhaa. Ihamishie karatasi nyingine.

Kinyume chake pia hutokea: seli yenye fomula inayorudisha "" huonekana tupu, lakini COUNTA inaihesabu, na eneo linapita mwisho wa orodha.

Swali: Nilitengeneza majina matatu, Matawi, Misimbo na Bei, kila moja na COUNTA yake. SUMIFS inatoa #VALUE!, ila SUMIF inafanya kazi. Nitumie SUMIF?

Hapana. Pima =ROWS(Misimbo) na =ROWS(Bei); utakuta namba mbili tofauti, kwa sababu safu moja ina pengo. SUMIFS inakataa maeneo yasiyolingana na inakusaidia kwa kukataa. SUMIF inajinyooshea eneo la kujumlisha yenyewe na kunyamaza.

Acha jina moja tu ndilo lihesabu mistari, mengine yakatwe humo. Misimbo iwe =INDEX(Bidhaa,0,2). Bei iwe:

=INDEX(Bidhaa,0,MATCH("Bei",Orodha!$1:$1,0))

Tumetafuta kichwa badala ya kuandika 5, kwa sababu mtu akiingiza safu katikati, 5 itabaki 5 na utakuwa unajumlisha Kipimo. Hii inakubali kwa kuwa Bidhaa inaanzia safu ya A.

Swali: Menyu ya kuchagua msimbo (Data Validation) inakataa =INDIRECT("Bidhaa").

INDIRECT inataka maandishi yanayotaja eneo moja kwa moja. Jina lililojengwa kwa fomula linaipa #REF!. Kama J2 na K2 ziko kwenye karatasi ya Fomu, tengeneza jina MisimboYaTawi:

=INDEX(Bidhaa,Fomu!$J$2,2):INDEX(Bidhaa,Fomu!$J$2+Fomu!$K$2-1,2)

Kwenye menyu andika =MisimboYaTawi tu.

Swali: Kwa nini msitumie OFFSET? Au jedwali la Ctrl+T?

OFFSET nayo hukata eneo, lakini hukokotolewa upya kila unapobadilisha seli yoyote, hata isiyohusika. Faili lenye maelfu ya fomula za kutafuta linakuwa zito. Jedwali la Ctrl+T ni zuri, na kama faili ni lako peke yako, litumie: Bidhaa[Bei] inasomeka kuliko fomula zote hizi. Lakini jedwali halijirefushi kwenye karatasi iliyofungwa kwa ulinzi, na ofisi nyingi hufunga karatasi zao. Huko jina linabaki kuwa njia bora.

Swali kutoka Goma: Fomula zenu nikizinakili, Excel yangu ya Kifaransa inazikataa.

MATCH kwako ni EQUIV, VLOOKUP ni RECHERCHEV, COUNTA ni NBVAL, FALSE ni FAUX, INDEX haibadiliki. Na mahali pa mkato weka nukta-mkato:

=INDEX(Bidhaa;EQUIV(H2;INDEX(Bidhaa;0;2);0);5)

Ile 9.99E+307 iandike 9,99E+307. Ukitumiwa faili lenyewe badala ya maandishi ya fomula, Excel inajitafsiria kila kitu inapolifungua.