Kwa mliotumwa chumba cha krosi, tunakozalisha waridi jipya kwa kuoza mama na baba: hasini ua kabla halijafunguka

Jumatatu nilisimama nyuma ya bedi la mama, waridi linalopokea chavua na kubeba mbegu, nikiwatazama nyinyi wageni watatu mkihasi maua, yaani kuyatoa viungo vyake vya kiume. Yalikuwa yameshafunguka, unga wa manjano wa chavua umemwagika hadi kwenye petali, na nyuki mmoja akatoka humo amejipaka kama bwana harusi. Mmoja wenu alikuwa aking'oa stameni, viungo hivyo vya kiume, kwa kibano, moja baada ya nyingine, kwa madaha, huku anaimba. Nilinyamaza kwa sababu supavaiza alikuwa karibu. Leo hayupo, basi nisikilizeni. Kibano mnakijua, HT (Hybrid Tea, waridi la shina refu na kichwa kikubwa) mnaijua, kwa hiyo sitaanzia darasa la kwanza.

1. Hasi mapema.

Ua liwe limeanza kulegea lakini ncha za petali bado zimekumbatiana. Kwa joto la grinhausi zetu, hiyo ni asubuhi mapema, si baada ya chai. Ng'oa petali, tazama vifuko vya chavua. Vikiwa vigumu na havijapasuka, endelea. Ukiona unga hata kidogo, kata ua zima utupe. Usilipulizie, usilifute na aproni. Kata.

Najua kinachowakwamisha: idadi. Mnaogopa jioni daftari lionekane tupu. Mimi nilihamishiwa krosi kutoka gredihol, ukumbi wa kupanga maua yaliyokatwa kwa ubora, nikaja na mikono ya gredihol, ile inayohesabiwa mashina kwa saa, nikadhani kazi ni ileile. Nilipewa mama wa waridi: shina refu, kichwa kikubwa, lakini jani lake likisikia baridi tu linajaa ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Baba alikuwa wa njano, kichwa kidogo, jani safi, na harufu ambayo ungeisikia ukiwa mlangoni. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi: kichwa cha mama, jani la baba, na harufu ikija tutashukuru.

Nikahasi haraka haraka. Yaliyofunguka nikayahasi, yenye unga nikayapuliza, nikapaka chavua ya baba juu yake, nikafunga lebo. Matunda yakashika karibu yote. Hapo ndipo ningeogopa, maana mnajua jinsi HT inavyoangusha matunda mengi ya krosi. Sikuogopa. Bosi aliwaita wenzangu, akainua mkono wangu, akasema tazameni mkono wa krosi ulivyo. Nililala vizuri usiku ule.

Matunda yakaiva, mbegu zikapita chumba baridi, zikaota. Ua la kwanza likafunguka: pinki. La pili pinki. Nikajiambia rangi ya mama ina nguvu, subiri. Meza nzima ikawa pinki. Nikainama kunusa mche baada ya mche, hakuna kitu. Wiki ya baridi ilipofika, majani yakapakwa unga mweupe uleule wa mama. Na miche mingi ilikuwa mibovu, imedumaa, haina nguvu ya kusimama. Nanyi mnajua waridi likijizalisha lenyewe huzaa wanyonge wa namna hiyo. Nilijua. Nilikuwa nimesimama pale na bomba la maji mkononi, nikajua, nikaendelea kumwagilia.

Badala ya kusema, nikajaribu kwa siri. Nikahasi maua ya mama yuleyule kwa saa zangu za kawaida, nikayavika mifuko ya karatasi, sikuyapa chavua yoyote. Wiki zikapita, vikonyo havikuanguka. Nikafungua mfuko wa kwanza nikakuta kitumbo cha kijani kimevimba. Baba hakuna, mimba inaendelea vizuri.

Hata hapo sikusema. Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kusema, na siku nzuri za mambo kama hayo hazipo. Kumbe mzee wetu wa krosi, mtu aliyenifundisha kushika kibano, alikuwa amepita mezani kwangu, akachagua mche uliokuwa afadhali kidogo, akaufanya mama. Aliamini lebo. Lebo ilimwambia ndani ya mche ule kuna jani safi la yule wa njano, akaujengea krosi za msimu mzima. Nilipomwona anaandika namba ya mche wangu kwenye lebo nyingine na nyingine, miguu iliniisha nguvu. Nikamwita pembeni nikamweleza. Hakupaza sauti. Aliomba daftari, akapiga mstari kwenye safu ya baba, akaandika "mwenyewe", ukurasa baada ya ukurasa, mimi nimesimama. Kisha akauliza swali moja tu: "Ulijua lini?"

Nikasema juzi. Haikuwa juzi.

Basi kila wiki, kila mmoja wenu, maua kadhaa: hasi, vika mfuko, usipake chavua. Yakianguka, saa zako ni sawa. Yakishika, unachelewa, na wiki hiyo matunda yako yote tunayatilia shaka. Hakuna atakayefokewa kwa mfuko wenye tunda. Atakayefokewa ni atakayeuficha.

2. Chavua ikaushwe kivulini usiku kucha, chupa ikiwa wazi na jina la baba limeshaandikwa kabla hujamwaga kitu ndani. Kesho yake stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, ikiwa na utelezi paka, na keshokutwa rudia.

3. Lebo ni penseli. Salfa ya usiku, dawa na jua la Naivasha vinakula wino wote, hata ule mlioambiwa dukani kwamba haufutiki. Mama anaandikwa kwanza, baba wa pili, tarehe mwisho. Kuna aliyeniuliza kwa nini mama atangulie, nikamwambia kwa sababu ndiye anayebeba mzigo. Alicheka, na tangu hapo hajakosea.

4. Mjue baba kabla ya kumwoza. Kijana mmoja wa mafunzo aliniletea chavua ya waridi la mwituni, macho yanang'aa, anataka "damu mpya". Damu mpya ni jambo jema. Lakini HT zetu nyingi zina kromosomu 28, na yule wake alikuwa na 14. Mtoto atatoka na 21, anaweza kuwa mrembo sana, ila ukitaka kumzalisha utalia. La France yenyewe, iliyotolewa na Guillot kule Lyon, Ufaransa, mwaka 1867 na ambayo wengi huihesabu kuwa HT ya kwanza, ilikuwa na shida hiyohiyo ya uzazi. Sikatazi. Nasema uliza kromosomu kwanza, kisha uliza anakuja na nini kingine mfukoni. Pernet-Ducher, naye wa Lyon, alihangaika miaka mingi na waridi la njano la Uajemi mpaka akatoa Soleil d'Or mwaka 1900. Njano kali ikaingia kwenye bustani za dunia, na pamoja nayo jani linaloshikwa na madoa meusi kirahisi. Hadi leo wafugaji wa waridi wanalipa deni hilo kwa bomba la dawa.

5. Mbegu: nyuzi 2 hadi 4, kwenye unyevu, wiki 6 hadi 12, na friza si chumba baridi.

6. Msipende ua la kwanza.

Hili nalisema kwa huruma kwa sababu wote tumelipitia. Mche una urefu wa kiganja, umefungua kiua chake cha kwanza, rangi ya parachichi... hapana, rangi ya papai lililoiva, na wewe umeshaanza kupiga simu nyumbani kuusifu. Ua la kwanza la mche ni dogo na petali zake ni chache, halikwambii chochote kuhusu shina, wala mavuno, wala flashi (wimbi la maua) ya tatu. Ubebeshe kwanza kwenye Natal Briar, waridi la kutoa mizizi tu. Uone ukichanua Naivasha, kisha uone ukichanua Timau, kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako kichwa kinakua na mavuno yanapungua. Ufungie ndani ya boksi, kavu, siku zote ambazo ungekuwa safarini kwenda Uholanzi, ndipo uuweke kwenye maji uhesabu siku kabla shingo haijapinda. Miche mingi mno inafia kwenye boksi hilo. Acheni ife.

Mwaka fulani kijana mmoja aliupa mche jina la mchumba wake kabla haujabebeshwa. Mchumba aliondoka kabla ya flashi ya pili, lakini lebo ilibaki bedini na ikawa lazima apite hapo kila siku na dawa. Namba tu, tafadhali. Majina yana wakati wake: Francis Meilland alifanya krosi mwaka 1935, Ufaransa waridi likaitwa kwa heshima ya mama yake, na Wamarekani wakaliita Peace tarehe 29 Aprili 1945. Miaka kumi. Nyinyi mna wiki ya tatu.

7. Hakuna kijiti kinachovuka geti. Hata kimoja, hata cha kumpandia mama nyumbani, hata ule mche ambao mimi mwenyewe nimeutupa. Jicho moja la kijiti linatosha kuwa shamba, na aina ambayo haijapelekwa KEPHIS, shirika la serikali linalosajili haki za aina mpya za mimea, haina wa kuitetea. Kuna mtu alikipitisha ndani ya kontena la githeri. Askari aliona majani akadhani ni mboga, akaomba aonje. Mkasi ukimaliza kazi urudi kwenye ndoano yake, na makontena ya chakula yaachwe kule kwenye makabati.