Rekodi za kantri za zamani zilizouzwa sana lakini hazina cheti

SWALI: Hapa Kenya tumekua tukisikiliza Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers redioni. Nikipekua orodha ya vyeti vya mauzo vya Marekani, naona rekodi nyingi za kantri za miaka ya 60 na 70 hazina cheti, au zina kimoja cha zamani ambacho hakijawahi kuongezwa. Ina maana hazikuuzwa? Na warithi wa msanii wanaweza kudai cheti kilichochelewa?

JIBU: Hapana, kukosa cheti si ushahidi kwamba rekodi haikuuzwa. RIAA, chama cha kampuni za rekodi cha Marekani kinachotoa vyeti hivi tangu 1958, hakitoi cheti bila kuombwa. Kampuni yenye rekodi ndiyo hupeleka maombi na kugharimia ukaguzi, kisha mkaguzi wa nje hupitia hesabu zake. Isipoomba, nafasi ya cheti hubaki tupu hata kama santuri haikauki madukani. Ndiyo maana Elvis Presley, aliyefariki 1977, alithibitishiwa vyeti 110 kwa mpigo Agosti 1992. Patsy Cline naye alifariki 1963, ila mkusanyo wa nyimbo zake uliotoka 1967 ulipata almasi, yaani nakala milioni 10, mwaka 2005.

Kanuni zenyewe pia zimebadilika. Kabla ya 1975 albamu ilipata cheti cha dhahabu kwa mauzo ya dola milioni 1 kwa bei ya jumla. Nakala 500,000 zikaja kuwa sharti baadaye. Platinamu, cheti cha juu ya dhahabu, ilianza 1976. Singo, yaani wimbo uliouzwa peke yake, ilidaiwa nakala milioni 1 ili ipate dhahabu, na mwaka 1989 kiwango kikashushwa hadi 500,000. Kwa hiyo singo ya 1965 iliyouza 700,000 haikupata kitu enzi hizo, lakini leo ikiombewa inastahili dhahabu.

Sasa usikilizaji wa mtandaoni nao huhesabiwa. Kwa wimbo, kupakua mara 1 ni nakala 1, na kusikilizwa mara 150 ni nakala 1. Tuseme leja, yaani daftari la mauzo la kampuni, inaonyesha santuri ndogo 320,000, wimbo umepakuliwa mara 60,000 na kusikilizwa mara milioni 18. Gawanya milioni 18 kwa 150 upate 120,000. Jumla ni 500,000, dhahabu kamili. Kwa albamu, nyimbo 10 zilizopakuliwa, au usikilizaji 1,500, ni nakala 1. Usichanganye hesabu hizi: nakala za albamu haziingii kwenye hesabu ya singo.

Maombi mengi hukwamia kwenye karatasi. Rekodi za Don Williams za ABC/Dot ziliingia mikononi mwa MCA ilipoinunua ABC mwaka 1979, na kila kampuni inapouzwa, leja huhamishwa, na nyingine hupotelea njiani. Mkaguzi hapokei makadirio wala tangazo la gazeti la zamani. Anataka idadi iliyopelekwa madukani, ukitoa iliyorudishwa. Kosa jingine ni kujumlisha matoleo yaliyorekodiwa upya. Wasanii wengi wa kantri waliimba upya nyimbo zao maarufu kwa kampuni nyingine, na hiyo ni rekodi tofauti yenye namba yake ya ISRC, yaani namba inayotambulisha kila rekodi. Linganisha namba hizo kabla ya kujumlisha chochote. Na santuri tulizonunua Nairobi, inasikitisha kusema, hazimo: RIAA huhesabu soko la Marekani.

Warithi hawawezi kuomba peke yao, ila wanaweza kuisukuma kampuni. Waiandikie barua yenye jina la rekodi, mwaka, namba za katalogi za kila toleo na ISRC, waambatishe taarifa zote za mirabaha (malipo ya msanii kutokana na mauzo) walizonazo, kisha waombe ukaguzi wa rekodi hiyo moja. Taarifa za mirabaha zina uzito hapa, kwa sababu zinaonyesha nakala zilizolipiwa kipindi kwa kipindi, na mara nyingine ndizo pekee zilizobaki za miaka ambayo leja haionekani. Waanze na rekodi iliyo karibu zaidi na kiwango, maana kila ombi lina gharama yake.