Daftari ni la nani?

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Umeuliza nani anakosea kati ya wenzako wa kazini hapo Muscat: Mpakistani anayeaga kwamba anakwenda "daftar", kumbe anakwenda ofisini, au Mwomani ambaye kwa neno hilohilo anataka buku la kuandikia, kama sisi. Hakuna anayekosea. Tena nakuomba usirudie kumwambia Mpakistani kwamba wameharibu neno la Kiarabu, maana Waarabu nao walilipokea.

Asili yake ni Kigiriki, diphthera, yaani ngozi ya mnyama. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, ameandika kwamba Wagiriki wa Ionia waliita hata mafunjo "ngozi", kwa kuwa zamani, mafunjo yalipoadimika, waliandikia ngozi za mbuzi na kondoo. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote: kitu kimebadilika, jina halikung'oka. Jina la kitaalamu la dondakoo, difteria, nalo limetoka hapohapo, kwa ajili ya ule utando unaoota kooni.

Kwa Waajemi neno lilipanuka. Masnavi, utenzi mrefu wa mshairi Rumi, ina daftari sita, kila moja ni kitabu kizima cha mashairi. Na mahali pa kutunzia madaftari ya serikali pakaitwa daftar vilevile. Wafalme wa Mughal waliendesha utawala wao India kwa Kiajemi, na Waingereza waliendelea nacho maofisini hadi 1837. Basi Kiurdu kikairithi ile maana ya ofisi. Mwenzako hakuzua kitu. Tehran hadi leo maana zote mbili zinatumika.

Waturuki husema defter. Makarani wa dola ya Othmania waliorodhesha wakuu wa kaya, kijiji baada ya kijiji, pamoja na kodi yao, na mkuu wa hazina akaitwa defterdar. Wana msemo mkali pia: kukunja daftari la mtu ni kummaliza.

Kwetu lipo la shule, la madeni dukani na la wapiga kura. Haya mawili ya mwisho yangeeleweka mara moja kwa karani wa Istanbul wa enzi zile.

Ukitaka buku kwa Mpakistani wako, omba "kapi". Ofisi ilipolichukua daftar, shule zao zilikopa jina kutoka Kiingereza, ndiyo maana siku ile alikuonyesha mlango wa ofisi.

Mama yako